Kabichi Iliyochacha kwa Wakorea

Johannesburg

Mdogo wangu Gidioni,

Bahati ikikupenda, hata ujifiche uvunguni inakuvuta mguu. Juzi kaka yako nimekula kwa Wakorea, hoteli ambayo Wazungu wenyewe wanapanga foleni mlangoni! Haya, salamu sasa. Barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako, na maumivu ya mgongo yawe yamemwachia mama. Kahawa ya kwetu Hasamba imechanua, au mvua imewanyima tena? Mimi nanenepa mpaka mkanda unalalamika.

Dereva wa lori aliyeniletea barua yako kutoka Tunduma kanitobolea ulilolificha: unataka kuwauza maksai wa plau unifuate huku. Ngoja kwanza nikupe habari za mji.

Kwa Wakorea jiko liko katikati ya meza. Nyama unachoma mwenyewe, na wanaikata kwa mkasi kama fundi cherehani! Vibakuli vinajaa mezani mpaka hujui kiwiko ukiweke wapi. Ukipewa kitu unapokea kwa mikono miwili, kama vile mama alivyotufundisha. Nikasema, kumbe hawa ni ndugu zetu.

Sasa pale palikuwa na Mtanzania mmoja, mtu wa kwetu kabisa, kaajiriwa kuosha vyombo. Siku yake ya kwanza akafungua mapipa ya stoo, akakuta kabichi imekuwa nyekundu kwa pilipili, imechacha, inatoa povu. Wewe unajua, kwetu kabichi ikifika hapo ni ya nguruwe wa shangazi. Akaona hawa watu watakufa kwa matumbo. Akamwaga yote, akasugua mapipa yakang'aa, akasimama kando akingoja kusifiwa.

Bibi mwenye hoteli hakupiga kelele. Alikaa juu ya ndoo, akalia.

"Nimeitia chumvi kwa mikono yangu, nikaiacha ichache makusudi," akasema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. "Watu wanakuja hapa kwa sababu ya hiyo."

Yule bwana akapiga magoti na kupiga makofi taratibu, kama tunavyoomba radhi kwetu. Wapishi wakadhani anashangilia!

"Anatucheka huyu! Mtoeni!"

Akatolewa kwa mlango wa nyuma, aproni ingali kiunoni.

Siku hizi analala kwenye baraza la duka, kajifunika maboksi. Baridi ya kwetu Mbozi ina moto wa kuni na mtu wa kukwambia sogea. Hii ya huku haina mwenyewe, Gidi. Asubuhi anasimama barabarani na vijana wengine kungoja kibarua. Gari likija linachukua wawili watatu, linaondoka. Zamani alikuwa mtani, anawachekesha wote. Sasa kanyamaza. Mtani akinyamaza, ujue ndani hamna kitu.

Mpe mama salamu, mwambie nasali. Msalimie shemeji yangu, mkeo, na shangazi na nguruwe wake wenye bahati. Na wale maksai nao wapapase shingo kwa niaba yangu.

Usiwauze. Mtu wa mapipa ni mimi. Kwenye meza ile sikukaa hata mara moja. Niliipita tu na ndoo ya maji machafu.

Kaka yako,
Elia