Kwa Nini Marwa Hapiti Tena Njia ya Mtoni

Issenye,
Jumapili asubuhi

Mama yangu,

Muda huu huu mjukuu wako Wankuru ameshindilia ugali ndani ya kengele ya baiskeli ya baba yake. Sikumchapa. Nimemwongezea tonge, na sababu utaijua.

Shikamoo mama. Mguu vipi, bado unakusumbua ukiamka? Sisi miili ni mizima, moyo wangu ndio ulikuwa mgonjwa. Kaka Mwita anayekusomea asome polepole, na baba asisikie.

Ni habari ya Marwa. Unajua anapima pamba kule ghalani, na tangu tuje huku alikuwa anapita njia ya mtoni kwa kuwa ni fupi. Mwezi uliopita akaiacha. Sasa anazungukia barabara ya juu, penye nyumba za walimu. Hapo anakaa mwalimu mmoja msichana, wametuletea kutoka Bukoba, ndiye anatufundisha sisi kina mama jioni. Mama, ana shingo ndefu. Akisema, "Haya Bhoke, soma," mimi niliyeishia la tatu herufi zote zinanikimbia.

Jirani yangu Mama Robi ndiye aliyeanza. Kisimani akasema, "Mumeo siku hizi anapenda kuzunguka. Hiyo baiskeli haichoki?" Wenzake wakainamia ndoo wakicheka.

Nikamuuliza Marwa. Akasema mtoni kuna mchanga. Mchanga gani, na mimi kule naokota kuni? Nikawa nakagua keria kila jioni, nitafute uzi wa kanga ya mtu. Maji ya kuoga sikumchemshia tena.

Ijumaa nikambeba Wankuru mgongoni, nikajibanza kwenye mkonge karibu na zile nyumba. Marwa akaja. Mwalimu alikuwa mlangoni anachana nywele. Kengele ikalia mara tatu. Barabarani hapakuwa na mtu, ni kuku mmoja tu. Kuku mmoja anapigiwa kengele tatu?

Aliporudi nikamwuliza, "Ile kengele ilikuwa ya nani?"

Akakunja suruali. Gotini ana kidonda, kile alichoniambia aligongwa na mizani.

Kumbe ni mama mdogo Nyangi, ndugu yako. Serikali ilipowahamishia watu kijijini wakampa kiwanja pale pale kwenye mteremko wa mtoni. Marwa hakujua. Akashuka kama alivyozoea, miguu juu, breki hashiki, anapiga mluzi. Akamwona anapanda na mzigo wa kuni, na njia ni moja.

"Ningepishanaje na mama mkwe uso kwa uso?" akasema. "Nikachagua miiba."

Aliingia kichwa mbele, suruali ikapasuka, mkwe anaona. (Najua wewe pia ni mkwe wake, si vizuri kukuandikia ya suruali. Kaka aruke hapo.) Mama mdogo naye kwa aibu hakuniambia. Tangu siku hiyo Marwa mteremko wowote anasukuma, na kila penye nyumba anapiga kengele tatu, kama kuna mama wa upande wangu ajifiche mapema.

Nilicheka mpaka Wankuru akaamka. Goti nimeliamini, mama. Lakini ile shingo bado iko pale, na anaipita kila asubuhi. Nataka arudi njia ya mtoni, na ile kengele isilie tena mlangoni kwa mtu.

Kwa hiyo leo tunakwenda kwa mama mdogo. Marwa atabaki juu, mimi nitashuka nimwombe radhi, aniambie saa anazokwenda kwenye maji ili Marwa apite saa nyingine. Na wewe mtumie neno, nasikia hasira haijamwisha. Natumaini atakubali.

Msalimie bibi, umwambie Wankuru anatembea. Msalimie shangazi mfinyanzi, na kaka zangu walioko na ng'ombe.

Marwa ananiita, ameielekeza baiskeli njia ya mtoni. Nimekataa, tunapita barabara ya juu. Nimevaa kile kitenge chekundu, nitakaa keria nimemshika shati, na tukifika zile nyumba nitamwambia aende polepole, mwalimu atoke mlangoni aone vizuri kwamba hii keria ina mwenyewe, na kama ana macho atasoma.

Ni mimi mwanao,
Bhoke