Laptopu ya Wegesa Haijafa

Butiama,
Mkoa wa Mara.
12 Agosti 2024.

Mpendwa mjukuu wangu Burito,

Miaka minne sasa. Yule mtamba uliyemshika kamba asubuhi unaondoka ameshazaa mara mbili, na wewe hata kisigino chako hatujakiona. Tunduma ni mji gani huo ambao basi linapeleka watu halirudishi? Kila mwaka unasema Krismasi. Krismasi inakuja yenyewe bila wewe, tunaila, inapita. Mume gani wewe, unamwacha mkeo mzee miaka minne unamtumia vocha?

Haya, nimeshafoka, sasa nikusalimu. Hujambo? Mke mwenzangu Brenda hajambo? Mtoto ameshaota meno? Kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu kimekwisha, au bado unatoka na kishati chembamba kwenye baridi ya huko? Mimi ni mzima. Goti la kushoto linanisumbua asubuhi, jua likipanda linanyamaza. Ulezi umekubali mwaka huu na tunakamua ng'ombe wanne.

Anayeandika ni mdogo wako Wegesa. Mimi nasema, yeye anaandika, maana shule sikuiona. Nimemkataza kupunguza neno, hata yale yanayomuuma yeye na yanayonitia aibu mimi. Akimaliza atanisomea, na masikio ninayo.

Jumanne iliyopita nilikupigia nikakwambia laptopu uliyomtumia Wegesa imegoma kuwaka. Ulinijibu nini? "Bibi, ile ni ya zamani, ikifa imekufa. Amsikilize tu baba mdogo." Ukakata. Umelisema jambo zito hivyo kama unaagiza chumvi.

Unajua kilichokuwa ndani? Ripoti yake ya chuo cha mifugo. Wiki nane msichana huyu alizunguka maboma arobaini na moja, anahesabu kupe kwenye masikio ya ng'ombe, anauliza ndama wangapi wamekufa kwa ugonjwa wa ndigana, nani anaogesha kwa dawa na nani anadanganya kwamba anaogesha. Fahali wa mzee Kwangu alimpiga teke, alama iko kwenye paja mpaka leo. Hayo yote aliyaingiza humo. Ripoti ilitakiwa chuoni Ijumaa. Isipofika, anarudia mwaka.

Na baba yako mdogo Danford alikuwa anasubiri hapo hapo. Watu wa mzee Chacha wana ng'ombe, wanamtaka Wegesa, na Danford ameshasema msichana akirudishwa mwaka hakuna kurudia, anaolewa. Jumanne hiyo hiyo alikuja akasimama mlangoni, na simu ilikuwa kwenye spika, neno lako akalisikia. "Mama, mashine yenyewe imeshaamua." Nikamwambia mashine haikumzaa mtu hapa, mimi ndiye niliyekuzaa, kwa hiyo kaa unywe uji au nenda. Akaenda.

Sasa nikwambie la kwangu. Wegesa alikuwa amekwenda Murangi siku nne kumwangalia shangazi yenu Anastazia, amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Wiki hiyo wezi walibeba sola za majirani wawili. Nikaogopa. Nikaichukua laptopu, nikaizungushia kitenge, nikaizika kwenye kihenge cha ulezi. Vitu vya maana vya nyumba hii vimekaaga humo siku zote. Cheti cha ubatizo cha marehemu baba yako kilikaa kwenye ulezi miaka yote, paa likavuja, mchwa wakala mlango, chenyewe hakikuguswa. Nikaona nimefanya akili.

Wegesa aliporudi, nikaitoa kabla hajaingia ndani, nikaifuta vizuri, nikairudisha kwenye begi lake. Sikusema kitu. Akaiwasha. Ikaleta alama yake, ikaunguruma kidogo, ikazima. Akaiwasha tena, ikazima tena, na chini imekuwa ya moto kama bakuli la uji. Akabadilisha chaja, akatoa betri akarudisha, akaipeleka kwenye umeme wa kanisani. Ile ile. Akalia. Na mimi niko pembeni nachambua mboga, nimekaa kimya. Siku mbili, Burito. Sijawahi kuwa mwoga hivyo mbele ya mtoto.

Jumatano tukaenda Bunda, kwa fundi anaitwa Gibson pale Manyamanyama, Danford ndiye aliyemsifia. Kijana ana kiti cha kuzunguka. Akaifungua kidogo nyuma, akachomoa kibao, akakisugua kwa kifutio cha wanafunzi, akarudisha. Haikukubali. Akasema, "Window imeharibika. Napiga mpya, saa kumi mnaondoka nayo."

"Na vilivyomo?"

"Vya ndani vinafutika, bibi. Lakini mashine itawaka."

Wegesa akainamisha kichwa. "Apige tu, Bibi. Nimechoka."

Nikaweka mkono wangu juu ya laptopu. Nikamwambia fundi aiwashe tena nisikie.

"Hii haisikilizwi, bibi, inatazamwa."

"Wewe tazama. Mimi nasikiliza."

Akawasha huku anawakonyeza wenzake. Nikainama mpaka sikio likagusa. Chini upande wa kushoto ikalia kri, kri, halafu kimya. Nimesaga ulezi kwenye jiwe tangu sijavunja ungo. Nikiwa nimefumba macho nakwambia punje kavu inaliaje na mbichi inaliaje. Ile ilikuwa kavu.

Ikabidi niseme mbele ya watu. Nikasema humo ndani mna ulezi, na niliuweka mimi. Duka zima likacheka. Gibson akaita mafundi wa jirani, "Njooni muone mgonjwa, anaumwa ulezi." Nikamwambia afungue mpaka ndani aone. Akasema hafungui, ikifia mkononi mwake tutamsumbua, yeye anapiga window au tuondoke. Tukaondoka. Nilimwambia kiti chake kinazunguka kuliko akili yake, na sijatubu.

Wegesa hakucheka. Nje akaniuliza, "Bibi, siku zote hizi mbili ulikuwa unajua?"

Nikamwambia nilikuwa najua nilipoiweka. Kwamba ulezi ndio ulioiua, sikutaka kujua. Hakunisemesha tena mpaka nyumbani. Alikuwa na haki, na hapa nimemlazimisha aandike kwamba alikuwa na haki, ameandika huku anakuna pua.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nimeshavaa viatu kabla hajaamka. Musoma, pale Iringo, kuna Pastory, alikuwaga anatengeneza redio ya babu yako. Siku hizi anafungua na hizi. Nikamwambia yote bila kujificha. Hakucheka. Akauliza, "Ulezi mwekundu au ule mweupe?" Nikajua nimefika kwa mtu.

Akafungua skrubu zote, akazipanga kwenye karatasi kwa jinsi zilivyokaa. Ndani kuna feni ndogo ya kupoza moto. Burito, ilikuwa imejaa. Punje zimejibana kwenye mabawa yake, na makapi yamelala kama vumbi la kinu. Feni haizunguki, moto unapanda, mashine inajizima isiungue. Window ilikuwa nzima.

Pastory akachukua mashine ya kupuliza. Nikamshika mkono. Ukipuliza, punje zinakimbilia ndani zaidi, mtu yeyote anayepeta anajua. Nikamwambia ainamishe na agonge. Akanitazama, akanipa mwenyewe. Nikaiinamisha juu ya gazeti nikaigonga kwa vidole viwili, taratibu, kama unavyotoa punje za mwisho kwenye ungo. Zikatoka moja moja. Kumi na tisa. Ndipo akapitisha brashi, akapaka dawa yake nyeupe ya kupoza moto kwenye shaba, akafunga.

Akawasha. Feni ikazunguka, nikaisikia inazunguka. Lakini kioo kikabaki cheusi, kikaleta maandishi meupe na tarakimu. Wegesa akanyoosha mkono, Pastory akamwambia, "Usiiguse. Inajikagua, imezimwa vibaya mara nyingi." Tarakimu ikasimama kwenye kumi na moja. Tukakaa. Pastory akaenda kunywa chai, akarudi, bado kumi na moja. Wegesa akanishika mkono. Hapo nikajua tumepatana, iwake isiwake.

Ikasogea. Ikafika mia. Ikafunguka.

Ripoti ilikuwemo, ila jedwali la mwisho halikuwemo, lile la maboma sita ya mwisho. Wegesa akatoa daftari lake lenye mavi ya ng'ombe kwenye jalada, akaliandika upya hapo hapo dukani kwa Pastory. Ijumaa saa tatu asubuhi ilitumwa. Saa sita chuo kikajibu kwamba imepokelewa. Na barua hii anaiandika kwenye laptopu hiyo hiyo, itachapwa kesho mjini.

Nilidhani yameisha. Jana baada ya misa Danford akaja tena. Nikamwambia ripoti imekwenda, mtoto anaendelea. Akasema watu wa Chacha wanakuja mwezi wa kumi, na kwamba wewe, Burito, uliyebaki mahali pa baba yenu, ulikubali kwenye simu. Anatembea na neno lako kila boma. Mimi nikisema hapana, wanasema ni bibi mzee tu. Neno lako la kutupa ndilo wanalolikalia.

Sitaki hela yako. Sitaki laptopu nyingine, hii inatosha na kihenge nimekipiga marufuku. Sikukatazi kumheshimu baba yako mdogo. Lakini msichana huyu haolewi kwa sababu ya feni, wala kwa sababu kaka yake alikuwa na haraka ya kukata simu.

Msalimie Brenda, mwambie mtoto anywe maziwa, siyo soda. Anastazia anakusalimu na amekukaushia samaki, kamongo wa ziwani. Pastory naye anakukumbuka. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, akuondolee hicho kikohozi, na akutie aibu kidogo pale inapobidi.

Utakuja kabla ya mwezi wa kumi. Ukishuka kwenye basi usije kwangu. Nenda moja kwa moja kwa Danford na begi lako mkononi, uwakute watu wa nyumba yake, useme kwa mdomo wako kwamba Wegesa anamaliza chuo. Ukishasema, ndipo uje ule.

Nakupenda, mume wangu, hata nikiwa na hasira,

Bibi yako,
Nyangi