Mwaka Bila Mama Pacha, Bingwa Wetu wa Makasia

Mwaka umekatika, Mama Pacha, tangu ulipotutoka asubuhi ile, dirisha la chumba likiwa wazi kama ulivyopenda. Tulidhani kufikia leo tungekuwa tumepata nafuu. Hatujapata. Tumechoka tu, na tunakwambia hivyo kwa sababu hukupenda mtu ajikaze kisabuni mbele yako.

Wengine wanakukumbuka kwa dhahabu ya Olimpiki. Sisi tunakumbuka alfajiri zako: chai ukinywa umesimama, viatu mkononi usije ukatuamsha, halafu unaubamiza mlango na nyumba nzima inaamka. Ukirudi kutoka mtoni, viganja vimechubuka, ulimpa mumeo chupa ya asali akufungulie.

"Bingwa wa dunia ameshindwa na kifuniko," alikutania.

"Wewe fungua, maneno baadaye."

Dhahabu ile uliipata na mdogo wako, boti moja, wawili tu. Michezo ya Olimpiki iliyofuata ilipokaribia, mgongo wake ukaanza kumsumbua na kasi yenu ikapungua. Kocha alikuita pembeni ya banda la boti, akakwambia medali nyingine ipo, ila ukubali kupiga makasia na binti mwingine mwenye nguvu zaidi. Hata mdogo wako alikusihi, "Dada, niache. Nenda kachukue."

"Nikachukue nini bila wewe?" ulimjibu. "Mgongo ukikataa, tutafika polepole."

Mkaingia fainali, na kweli mlifika polepole: mlikuwa wa mwisho. Magazeti yalikusema vibaya, na wapo waliokupita njiani bila salamu. Hatukuwahi kukusikia ukijuta. Mliporudi nyumbani ulikwenda moja kwa moja bandani kusugua boti, kisha ukaanza kufundisha mabinti. Walikuita Kamanda, na walikuogopa mpaka siku walipokuona unacheza muziki peke yako na ufagio.

Halafu ugonjwa wa mishipa ya fahamu ukaanzia vidoleni. Kikombe kilikuponyoka, ukacheka. Kikaponyoka tena, hukucheka. Baada ya muda tukawa tunakulisha kwa kijiko, tunakugeuza kitandani kwa zamu, na uchovu wetu uliuona hata tulipouficha.

"Kalaleni," ulituambia. "Mimi siendi popote."

Karibu na mwisho uliomba kupelekwa mtoni. Mumeo alikubeba mgongoni, wanao pacha wakaishika boti isiyumbe, mdogo wako akashika makasia. Ulikaa mbele yake umefungwa kwa shuka usianguke, mikono imelala mapajani. Sisi tuliobaki ukingoni tulijiandaa kwa machozi. Badala yake tukasikia unafoka kwa sauti ile ndogo iliyobaki:

"Unachelewa! Unalitoa kasia kama mtu anayekoroga supu!"

Mdogo wako aliangua kicheko mpaka akashindwa kupiga kasia, boti ikawa inaelea tu. Nawe ulicheka. Hatukuwa tumewaona mkicheka hivyo, nyinyi wawili, tangu fainali ile.

Leo hakuna hotuba. Mumeo alianza kufagia chumba chako asubuhi, akachoka katikati, akakaa kitandani na ufagio mkononi. Tumemwacha hapo. Kukuuguza kulikuwa kuzito, lakini tuliweza kupokezana. Huzuni hii ya kukukosa kila mmoja anaibeba peke yake, siku nzima, na hakuna wa kumwambia, "Haya, sasa zamu yako."

Wanakukumbuka mama yako mzazi (bado anakuita mtoto), mumeo, watoto wako pacha, mdogo wako aliyekuwa mwenzako wa boti, wakwe na mashemeji zako, na mabinti wote wa bandani.

Hatutakusahau kamwe, Mama Pacha. Pumzika. Na sisi tutajaribu.