Viti Vilivyoondolewa Watu Wakiwa Wameketi

Nyabuto ndugu yangu,

Nianze na lile lililoniudhi zaidi. Jeneza lako lilikuwa bado juu ya ardhi, mchungaji akiomba, vijana wa kukodisha viti wakaanza kuvikusanya. Walikuwa na matanga mengine Nyaramba. Mmoja alimgusa mama yako begani: "Mama, inuka kidogo." Akainuka. Alimzika mwanawe amesimama.

Nimeripoti matanga mengi kuliko harusi, na uso wangu haukubadilika. Ila moyoni nilisikia sauti yako. Siku ile barazani kwako Nyanchwa nilikuuliza kwa nini skrini yangu hujaa mistari ya kijani. Ukasema kosa liko kwenye draiva, ile programu inayoiongoza kadi ya picha. "Mogaka, memori ni kiti cha kukodi. Draiva inakichukua kadi ikiwa bado imekikalia. Halafu mnashangaa mtu akianguka!" Ukacheka mpaka ukamwaga chai.

Kisha kaka yako. Udongo haujakauka, akafuta kila kitu kwenye laptopu yako ili aitumie kuchapisha picha za pasipoti Nyamache. "Si ilikuwa ya michezo tu?" aliniuliza. Miaka ya kazi uliyowapa watu bure, michezo! Mtu wa aina hiyo huepukwa tu.

Hakujua kwamba rekebisho lako la kosa lile la draiva ulikuwa umeshalituma kwa wenzako wanaoitunza programu hiyo huria, na kwamba liko mtandaoni, kila mtu analiona. Nililitafuta. Chini yake nikakuta swali la msimamizi wao: nani amelijaribu kwenye kadi hii ya zamani? Asipopatikana mtu, linafungwa bila kupokelewa. Wengine walikuwa wakiuliza, kwa adabu, uko wapi. Hakuna aliyekuwa amewaambia.

Kadi hiyo ninayo. Laptopu zetu tulizinunua pamoja, za mitumba, kwa muuzaji mmoja. Nikafuata maelezo yako, nikakosea, nikarudia. Nikafungua ile ramani ya kaunti iliyokuwa ikiiangusha skrini kila nikiikuza, video ikicheza pembeni. Skrini ikatulia. Nikaliondoa rekebisho, mistari ya kijani ikarudi. Nikalirudisha, ikatoweka.

Nikawaandikia hivyo hivyo: nilichofanya, nilichoona. Mwishoni nikaongeza kwamba aliyeliandika amefariki, na jina lake lisiguswe. Wamelipokea rekebisho. Jina lako liko juu, langu chini kama shahidi.

Nilimweleza mama yako kwamba sasa kiti hakiondolewi mpaka aliyekikalia amalize. "Ni Nyabuto alikufundisha hiyo?" Nikasema ndiyo. "Basi keti," akasema, akanisogezea kigoda chake.

Genda buya, nenda salama, ndugu yangu. Kila watakapoibadilisha draiva hiyo nitaijaribu, mpaka laptopu hii ife. Na siku ya mama yako ikifika, viti nitavisimamia mimi. Hatainuliwa mtu.