Ubeti Ambao Kaseti Yetu Haikuwa Nao

Rwambuzi, Bunia

Baba mpendwa,

Aliyekuletea barua hii unamjua. Ni Bernard, mwanao. Mpe kiti, mpe maji, mwache Mama amkumbatie anavyotaka, lakini wewe keti usome mpaka mwisho kabla hujamwuliza neno lolote. Nakujua, Baba. Maswali yako ni kama ya polisi wa mpakani, na mtoto huyu sasa hawezi kuyabeba.

Baada ya hayo, nakusalimu sana. Mgongo wako unasemaje? Na Mama, bado anakohoa asubuhi? Huku sisi tu wazima. Nyumba bado ina bati juu yake, watoto wanakua, na mume wangu Faustin amerudi kuoka mikate siku unga unapopatikana. Usipopatikana tunakula mihogo na kushukuru. Milio ya bunduki imepungua, ingawa mlango wa jirani ukibamizwa sote tunainama. Mimi nimeshajua kuinama na sufuria mkononi bila kumwaga mchuzi.

Sasa habari za ndugu yangu. Ulisikia kwamba watu wenye silaha waliingia Bambu, na wachimbaji wa dhahabu, Bernard akiwa mmoja wao, wakatawanyika porini. Bernard alifika kwangu kwa miguu, peke yake, nyayo zimevimba. Nilimrukia shingoni nikilia. Yeye alinitazama tu, akaketi kando ya mlango, akalala hapo hapo. Nilidhani ni uchovu. Kesho yake hakusema kitu. Juma likaisha, hakusema kitu. Alikuwa anakula, anachota maji, anapasua kuni zetu na za majirani, lakini sauti hakuna. Sista mmoja muuguzi alimtazama koo na masikio, akakuta ni mazima. "Mumuache tu," akaniambia. "Siku moja itatoka."

Ni rahisi kusema. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtazama akipasua kuni, nikiwaza kwamba nimerudishiwa mwili wa ndugu yangu, na yeye mwenyewe amebaki Bambu. Niliogopa, Baba. Ulipotuma mtu aniulize kwa nini simleti nyumbani, nilijibu kwamba barabara ni mbaya. Ilikuwa mbaya kweli. Lakini niliogopa zaidi wewe umwulize, naye akutazame vile alivyonitazama mimi.

Hapa mtaani tuna jirani, Mzee Ramazani, Mwislamu mwenye heshima zake, ambaye zamani alikuwa akiuza santuri na betri sokoni. Duka lake liliporwa. Siku ile mji ulipokimbia, kila mtu alibeba godoro kichwani. Yeye alibeba sanduku la santuri na kile kinanda chake kidogo cha kuzipigia, kinachotumia betri. Mkewe, Mama Zaina, hajamsamehe mpaka leo. "Batu bote balikimbia na matela," huniambia kila tukikutana kisimani. "Wa kwangu alikimbia na rumba. Sasa tunalalaka juu ya rumba."

Jumapili baada ya misa, mtaa ukiwa umetulia, majirani tunakusanyika uani kwao. Kila nyumba inatoa betri zake za tochi, nazo tunazianika juu ya bati tangu asubuhi, kama watu wa ziwani wanavyoanika samaki, zipate nguvu kidogo. Mzee anaweka sauti ndogo makusudi, isivuke ua na kutuletea wageni tusiowataka. Kwa hiyo lazima usogee karibu. Na ukisogea, Baba, unasikia vitu ambavyo kelele za baa haziwezi kukupa: kidole kikiteleza juu ya uzi wa gita, mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuanza.

Jumapili moja nilimshika Bernard mkono nikamleta. Mzee akachagua santuri, akaipangusa na shati lake, akaweka ule wimbo. Unajua ni upi: ule wa mwanamke anayemlilia mumewe aliyekwenda mbali akasahau nyumbani, uliokuwa kwenye kaseti yetu ya buluu.

Besi ikatangulia peke yake, taratibu. Kisha gita ya nyuma ikaingia, ileile uliyokuwa ukipiga wewe katika orkestra ya Mahagi, na mimi nikakusikia waziwazi ukitugombeza: "Gita ya mbele kila mutu anaisikiaka. Musikilize ya nyuma, ni yeye anapikaka chakula." Nikaisikiliza ya nyuma. Haikukimbia, haikujionyesha. Kisha saksofoni ikapita mara moja tu, ikawaachia nafasi waimbaji wawili. Yule wa juu halazimishi sauti, unadhani anaongea na mtu aliye chumba cha pili. Yule wa chini anamfuata karibu sana, hamwachi peke yake hata kwenye neno moja. Wanaume wawili wanaimba maneno ya mwanamke mmoja, na unamwamini huyo mwanamke. Mimi sijui walifanyaje.

Nikakumbuka ulivyokuwa ukitugawia vyombo jioni za Jumapili, kila mtu apige chake kwa mdomo. Mama sauti ya kwanza, mimi solo, wewe gita ya nyuma, Bernard besi, maana hata akiwa mdogo kifua chake kilikuwa na mlio wa pipa. Nilikuwa ndani ya mawazo hayo nilipoona midomo ya Bernard ikitikisika. Alikuwa anapiga besi. Kwanza bila sauti, kisha kwa sauti ndogo ya kifuani, dum, dum, dum. Sikuthubutu kugeuza kichwa. Nililishika goti la Mama Zaina, nikalibana mpaka akanipiga mkono.

Sasa, Baba, unakumbuka kilichotokea redio yetu ilipotafuna ile kaseti. Ulikata utepe ulioharibika, ukaunganisha kwa rangi ya kucha ya Mama, ukatuapia kwamba hakuna kilichopotea. Tangu siku hiyo, ubeti wa kwanza ukiisha, wimbo wetu ulikuwa unaruka moja kwa moja kwenye sebene, pale magita yanapochangamka, nasi tukiruka nao kucheza. Basi Bernard, ubeti ulipoisha, akaruka. Akaingia kwenye besi ya sebene kwa nguvu zake zote, mabega na kichwa. Lakini santuri haikuruka. Mwimbaji aliendelea kuimba.

Bernard akaiacha besi yake. Akakunja uso, akaitazama ile santuri ikizunguka, akasema mbele ya watu wote:

"Bamekosa."

Hilo ndilo neno lake la kwanza tangu Bambu. Mimi nilipiga kelele. Mzee Ramazani, ambaye anampenda Mungu kwanza na santuri pili, alikasirika kabisa. "Nani bamekosa? Diski yangu? Weye kijana, hii diski iko muzima, haina hata mukwaruzo!"

"Bamekosa," akasema Bernard. "Hapa ni sebene."

"Sebene iko mbele! Ngoja!"

"Ni hapa. Kwetu ni hapa."

Wakabishana, Baba! Ndugu yangu alibishana! Nililia nikicheka, kisha nikaeleza habari za kaseti na rangi ya kucha. Mzee akashika kichwa. "Baba yenu alikata ubeti muzima? Muzima? Na yeye mwenyewe iko mupiga gita?" Anakusalimu, lakini naona msamaha wako utachelewa.

Kwa hiyo tulisikia ubeti wa pili. Kumbe yule mume anajibu. Utoto wetu wote tulimsikia mwanamke akilia, halafu tukacheza, hatukujua kwamba mtu alimjibu. Sauti ya chini inachukua mbele, ya juu inarudi kumsindikiza. Gita ya solo inanyamaza kabisa. Inabaki ya nyuma, ile yako, na besi. Maneno yake sikuandikii.

Bernard aliomba urudiwe, ukarudiwa mpaka betri zikachoka na mwimbaji akaanza kunguruma kama ng'ombe. Watu wakacheka. Naye akacheka. Jumapili iliyofuata alianika betri yeye mwenyewe, akawafukuza kuku juu ya bati. Tangu hapo anasema kidogo: maji, moto, asante, majina ya watoto wangu. Habari za Bambu hajasema, wala jina la rafiki yake aliyekwenda naye hajalitaja. Simwulizi. Kisha juzi, akiwa anakunja shuka, akaniambia, "Nataka kurudia kwa Baba." Nikaenda siku hiyohiyo kutafuta lori la kwenda Mahagi. Malori yanatembea kwa msafara sasa, na dereva wetu ni mtu mzima mwenye adabu.

Mshike Mama mkono kwa ajili yangu. Msalimie shangazi muuza chumvi, umwambie kitenge chake ninakivaa kwenye misa. Msalimie mjomba katekista, na shemeji zangu wa ng'ambo ya mto, na bibi, ambaye najua atasema Bernard amekonda. Kweli amekonda.

Baba, nina ombi moja. Siku ya kwanza huenda asiseme kitu. Usimwulize alikotoka, usimwulize aliona nini. Iteremshe gita yako, upige ule wimbo, polepole, na Mama aimbe. Mkifika pale tulipozoea kuruka, usiruke. Endelea kupiga tu, umngoje. Ubeti wote anao kichwani.

Mwanao anayekukumbuka kila Jumapili,

Georgine