Anayeandika kwenye Dawati Langu

Mokpo, tarehe 21 Oktoba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yako yanasemaje? Najua bado unapanda hekaluni kwa Buddha kila asubuhi, unasujudu mara mia na nane kwa ajili ya mtihani wangu wa kuingia chuo kikuu. Pole sana, Mama. Mimi ni mzima, nakula, ila moyo hautulii. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Katika bweni la masomo ulikonipeleka baada ya kufeli mwaka jana, tuko wasichana thelathini na mmoja. Anayekosa neno la Kiingereza kwenye jaribio la asubuhi huliandika mpaka karatasi iwe nyeusi tii. Neno langu lilikuwa defy, yaani kukaidi mkubwa wako. Wiki tatu, Mama! Mengine nayameza kama maji, hilo likanigomea. Seol-ah, jirani yangu wa dawati, alinicheka, akasema kwa ubishi wangu huu nilizaliwa nalo, sasa nimelisahauje?

Basi Jumatatu ya wiki jana mwalimu wa zamu, Bwana Maeng, alinigombeza kwamba nina kiherehere, nimeleta karatasi mbili badala ya moja. Naapa nilileta moja. Ya pili ilikuwa na mwandiko wangu mimi, ila haina hata kosa moja. Jumanne zikawa tena mbili. Jumatano nilitoka kula mchana nikakuta kiti changu kina joto na wino haujakauka. Seol-ah akaniuliza mbona sikwenda kula, maana hakuniona nikiinuka. Niliogopa, Mama.

Sasa nikiri. Alhamisi mchana nilitoka getini na sweta tu, nikapanda treni mpaka huku Mokpo kwa mama mdogo. Nilikukaidi. Na lile neno limeniingia siku hiyo hiyo.

Nilidhani umeshaambiwa nimetoroka, unalia. Kwa hiyo jana nikapiga simu bwenini kuomba radhi. Bwana Maeng akanifokea niache utani wa kijinga. Akasema Da-on, yaani mimi, ameketi mbele yake, hajainuka tangu Alhamisi, na kwamba yeye mwalimu hajapata kuwa na mwanafunzi msikivu kama huyo. Nyuma ya sauti yake nilisikia kalamu ikikwaruza.

Mama, uliniambia mwenyewe unachoomba kule hekaluni: mwanangu atulie kitini, asinijibu, asiinuke. Nadhani umesikilizwa.

Jumapili ni siku ya wazazi, utakwenda. Atakupokea kwa adabu, atakuita Mama, na mtihani atafaulu. Mimi huenda nikafeli tena, na kukujibu nitakujibu. Hata hivyo nakusihi, mwache pale pale alipo, uje huku unichukue mimi.

Mama mdogo anakusalimu sana. Nilimwomba asikupigie simu kabla barua hii haijafika. Msalimie Baba, mwambie avae koti zito.

Ni mimi, mwanao,
Gu Da-on