Mkubwa ni Jalala

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, ila kiwandani kumewaka moto. Msimamizi alichora mikono ya mashati mifupi. Nikamwambia. Akanijibu, "Wewe kata penye chaki." Haya, nikakata. Mashati mia tatu, mikono yote inaishia kiwikoni! Sasa anataka nitie sahihi kwamba Bibi Sindano, mshonaji wetu mzee, ndiye aliyetupa vipimo vibaya. Nisipotia, kazi sina. Sahihi sitii, Baba, na yeye simtii.

Binti yako

11 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Goti linanikumbusha umri, basi. Barua yako imenipozea chai. Tia sahihi, mama. Nimesimamia mafundi miaka ishirini na sita, nayajua haya. Mkubwa ni mkubwa. Hata akikosea yeye, kiti chake hakikosei. Bibi Sindano ataelewa. Mkono mtupu haulambwi.

Baba yako

15 Machi

Baba,

Shikamoo tena. Kiti hakikosei kwa sababu hakikati kitambaa! Nani alinifundisha kwamba mkubwa ni jalala? Si wewe? Ukasema maana yake lawama zote anazibeba yeye. Sasa hili jalala gani linalotupa taka majumbani kwa watu? Kile kiti kinampa ruhusa ya kunipangia zamu. Kuufanya uongo kuwa kweli, hakimpi.

Nimefukuzwa jana. Bibi Sindano bado yupo kwenye cherehani yake. Nimelia, nisikufiche, lakini sijuti hata chembe.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

U hali gani? Wiki saba sijakuandikia, na usisingizie goti. Nilinuna. Halafu nikamkumbuka Kipara, mkataji wangu wa zamani. Mwaka ule vipimo nilikosea mimi, sahihi akatia yeye kwa kuniogopa, akafukuzwa. Mimi nikabaki na kiti.

Juzi nimemtafuta. Ana chumba chake cha ushonaji, cherehani tatu. Nikasema mbele ya wateja wake, "Bwana, yale makosa yalikuwa yangu."

Akacheka. "Najua. Si nilikuwepo?"

Nikaona aibu, mwanangu, mpaka miwani ikaingia ukungu. Akanisogezea kigoda, nikamsimulia habari zako. Anatafuta mkataji. Akaniuliza kama kukata unajua kweli.

Nikamwambia, "Kukata anajua. Na kukataa anajua."

Jumatatu anakungoja. Chaki utashika mwenyewe.

Baba yako,
jalala